Kuungwa Mkono Si Kushindanishwa

Msomaji, nakuomba ukae kwenye kiti cha mwamuzi. Hoja za upande wa pili umekwisha kuzisikia. Zimesemwa redioni, zimesemwa majukwaani, zimerudiwa kwenye vikao vya matawi hadi huku kwetu Bukundi, wilayani Meatu. Sitazipunguza nguvu ili nizishinde kwa urahisi. Nitaitaja kila moja kama wenyewe wanavyoitetea, kisha nitaonyesha inapovunjikia.

Shauri lenyewe ni hili. Tarehe 19 Januari 2025, siku ya pili ya Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM mjini Dodoma, wajumbe walipitisha azimio la kumfanya Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea pekee wa chama katika uchaguzi wa Oktoba, na Dk Hussein Mwinyi kwa upande wa Zanzibar. Siku hiyohiyo Dk Emmanuel Nchimbi akatajwa kuwa mgombea mwenza. Fomu za kuomba urais ndani ya chama hazikuwa zimetolewa. Wadhamini hawakuwa wametafutwa. Hapakuwa na majina ya waombaji ya kuchujwa. Uungaji mkono ulifika kwanza, na ulipofika ukafunga mlango.

Sisemi Rais Samia asingeshinda kinyang'anyiro. Huenda angeshinda kwa kishindo. Ninachosema ni kwamba wanachama hawakupewa nafasi ya kuliona hilo likitokea, na kwamba sababu walizopewa za kunyimwa nafasi hiyo hazisimami.

Hoja ya kwanza: azimio lilitoka kwa wajumbe wenyewe. Watetezi wanasema jambo hili halikuwa kwenye ajenda, hakuna kiongozi aliyelipanga, na wajumbe walisukumwa na mapenzi yao baada ya kusikiliza taarifa za utekelezaji wa Ilani ya chama. Papo hapo wanasema azimio hilo lilibeba kiu ya wanachama wa nchi nzima, kutoka shina hadi taifa. Yaweke maelezo hayo mawili pamoja. Kama jambo halikuwa kwenye ajenda, basi mjumbe alipopanda basi kwenda Dodoma hakuwa amebeba maagizo yoyote ya wanachama wake kulihusu. Mkutano uliitishwa, pamoja na mambo mengine, kujaza nafasi ya Makamu Mwenyekiti wa Bara iliyoachwa na Abdulrahman Kinana, na Stephen Wasira akachaguliwa. Hakuna tawi lililokaa kujadili nani awe mgombea urais, kwa sababu hakuna tawi lililoambiwa kwamba jambo hilo litaamuliwa. Na kama tunaambiwa kwamba wanachama walikwisha kushauriwa na kukubaliana, basi jambo lilikuwa limepangwa. Chagueni moja. Azimio la ghafla halina maagizo ya wanachama, na lenye maagizo si la ghafla.

Hoja ya pili: Mkutano Mkuu ndio mkubwa wa vyote. Hii ndiyo hoja yao iliyo imara zaidi, na nusu yake ni kweli. Hakuna kikao cha CCM kilicho juu ya Mkutano Mkuu, na kazi ya kumpata mgombea urais ni yake. Lakini tazama kazi hiyo hufanywaje. Mwaka 2015 wanachama 42 walichukua fomu na 38 wakazirudisha. Kamati Kuu ikabakiza watano: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Halmashauri Kuu ikabakiza watatu. Mkutano Mkuu ukapiga kura, na tarehe 12 Julai ikatangazwa kwamba Magufuli amepata kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Migiro 59. Mamlaka ya Mkutano Mkuu ni mamlaka ya kuchagua, na ili uchague lazima kuwe na walioomba kuchaguliwa. Ukubwa wa kikao haufuti hatua zinazokifikisha kwenye uamuzi.

Ukitaka kuona jinsi hoja hii inavyojipinga, rudi Julai hiyohiyo ya 2015. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kujitenga na uamuzi wa Kamati Kuu, wakipinga namna majina yalivyochujwa. Jibu walilopewa na wakubwa wa chama lilikuwa kwamba chama kina taratibu zake na hakuna mtu aliye juu ya taratibu. Miaka kumi baadaye taratibu zilezile ziliwekwa kando alasiri moja, na Nchimbi huyohuyo akatoka ukumbini akiwa mgombea mwenza. Ama taratibu ni msingi wa chama, ama si msingi. Haziwezi kuwa msingi zinapomkata mtu, kisha zikawa jambo dogo zinapomchelewesha mwingine.

Hoja ya tatu: ni utamaduni wa chama kumwachia Rais aliyepo amalize kipindi cha pili. Kumbukumbu zao ni sahihi. Mwaka 2000 Benjamin Mkapa hakupingwa ndani ya chama, mwaka 2010 Jakaya Kikwete hakupingwa, na mwaka 2020 Magufuli peke yake ndiye aliyechukua fomu. Lakini soma kumbukumbu hiyo hadi mwanzo wake. Mkapa aliachiwa mwaka 2000 kwa sababu mwaka 1995 alishindana na Kikwete na Cleopa Msuya, akashinda katika duru ya pili. Kikwete aliachiwa mwaka 2010 kwa sababu mwaka 2005 alipata kura 1,072 mbele ya Salim Ahmed Salim aliyepata 476 na Mark Mwandosya 122. Magufuli aliachiwa kwa sababu ya zile kura 2,104. Katika mifano yote mitatu mtu alipita kwanza kwenye ushindani, ndipo akapewa heshima ya kutosumbuliwa mara ya pili. Rais Samia alishika madaraka Machi 2021 kwa mujibu wa Katiba ya nchi, baada ya kifo cha Magufuli. Mwaka 2015 na 2020 alikuwa mgombea mwenza, na mgombea mwenza hapitii mchakato ule wa fomu, wadhamini na kura. Kwa hiyo mwaka 2025 ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza, na mara ya kwanza ndiyo ambayo utamaduni wenyewe huiwekea ushindani. Kwa kipimo cha Katiba pia ingekuwa ya mwisho, kwa kuwa aliyerithi kiti kwa miaka mitatu au zaidi huruhusiwa kugombea mara moja tu. Wanaotetea azimio kwa utamaduni wameuchukua mkia wakaacha kichwa.

Utamaduni huo wenyewe haukulindwa kwa mapenzi matupu. Bernard Membe alivuliwa uanachama na Kamati Kuu mwezi Februari 2020. Chama kilitaja mwenendo wake, lakini kila mfuatiliaji wa siasa alijua kwamba ndiye aliyekuwa akitajwa kutaka kumkabili Magufuli. Mwaka 2022 akarudishiwa kadi. Kama kosa lilikuwa kubwa kiasi cha kufukuzwa, lilipoaje ndani ya miaka miwili, mara tu kinyang'anyiro kilipokwisha kupita?

Hoja ya nne: matamko ya mikoa, wilaya na jumuiya yanathibitisha kwamba wanachama wote wanaunga mkono. Hapa nataka tutazame kwa karibu, maana ndipo jina la Bukundi linapotumika bila Bukundi kuulizwa. Tamko la kata hupatikanaje? Kikao kinaitwa, mara nyingi kwa ajenda nyingine. Katibu anasimama na karatasi iliyochapwa kabla watu hawajafika. Anasoma kwamba wanachama wa kata wanaunga mkono kwa asilimia mia moja. Mwenyekiti anauliza kama wanaafiki. Mbele wanaitikia, nyuma wananyamaza, na anayenyamaza anahesabiwa kuwa ameafiki. Picha inapigwa na tamko linapanda wilayani. Hakuna anayeombwa kuandika jina mahali ambapo jirani yake hatamwona, na hakuna swali la pili: kama si huyu, ni nani? Wakulima wa pamba wa Meatu wanajua kwamba uzito haujulikani kwa kutazama ukubwa wa lundo. Mzigo unapandishwa kwenye mizani, na namba ndiyo inayolipwa. Tamko ni lundo. Halijapimwa.

Na mwaka 2015 ulitupa ushahidi wa wazi jinsi malundo hayo yanavyodanganya. Kila aliyeomba alitakiwa kupata wadhamini 450 kutoka mikoa 15, mitatu kati yake ikiwa ya Zanzibar. Mwanachama aliandika jina, namba ya kadi na saini. Hapa kwetu mkoani Simiyu fomu hizo zilizungushwa na watu wa nyumbani pia, kwani Luhaga Mpina, mbunge wa Kisesa, na Dk Titus Kamani, mbunge wa Busega, walikuwa miongoni mwa walioomba. Edward Lowassa hakuridhika na 450. Alikusanya saini za mamia ya maelfu. Wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba ukumbini kutangaza imani yao kwake, mbele ya Mwenyekiti wa chama. Muda mfupi baadaye Magufuli, ambaye hakuna aliyemwimbia, alipata zaidi ya asilimia 87 ya kura za Mkutano Mkuu, na wajumbe wa Halmashauri Kuu wamo humo. Mtu anaweza kusema Lowassa hakuwepo kwenye karatasi ya kura, na ni kweli. Lakini hapo ndipo hoja ya matamko inapokufa. Kama saini mamia ya maelfu na nyimbo za ukumbini hazikutosha kumfikisha Lowassa hata kwenye majina matano, chama kilikuwa kimeamua kwamba uungaji mkono wa hadharani si kipimo. Hakiwezi kutuambia mwaka 2025 kwamba ndicho kipimo pekee.

Hoja ya tano: ushindani unagawa chama. Hofu hii ni ya kweli na sitaidharau. Lowassa aliondoka tarehe 28 Julai 2015 akaenda Chadema, akafuatwa na Frederick Sumaye, halafu Kingunge Ngombale-Mwiru akaachana na chama. Upinzani ukapata zaidi ya kura milioni 6, karibu asilimia 40. Lakini waulize watetezi swali moja: nani aliondoka? Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro, walioshindwa kwa kura zilizohesabiwa, walibaki. Aliyeondoka na umati ni yule ambaye jina lake lilikatwa kabla ya kura. Rudi nyuma zaidi. Kikwete alishindwa na Mkapa mwaka 1995, akabaki, akawa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka kumi, kisha akarudi mwaka 2005 akashinda. Ushindani ule haukukigawa chama. Ulikipatia Rais aliyefuata. Na baada ya kinyang'anyiro kikali cha 2005 mgombea wa CCM alipata asilimia 80 ya kura za nchi. Mwaka 2010, aliposimama bila kupingwa ndani ya chama, akashuka hadi zaidi kidogo ya asilimia 60. Sidai kwamba kukosa mpinzani ndiko kulikomshusha. Zipo sababu nyingi. Nadai kwamba takwimu haziungi mkono kauli kuwa umoja wa jina moja huleta nguvu.

Kuna mfano unaowafaa wao, na ni haki niutaje. Siku mbili tu baada ya azimio la Dodoma, Chadema walipiga kura ya uenyekiti kule Mlimani City. Tundu Lissu alipata kura 513, Freeman Mbowe 482. Miezi michache baadaye kundi la wanachama wa Mbowe likahamia chama cha Chaumma. Basi ndiyo, ushindani una gharama. Lakini pande zote mbili zilikuwa zimejaza matamko ya kuungwa mkono kwa wiki nyingi, kila moja ikidai wengi wako kwake, na hakuna aliyejua ukweli mpaka sanduku lilipofunguliwa. Mbowe mwenyewe alikubali matokeo. Waliohama walihama wakijua idadi yao. Chama kinachokwepa kura hakiepuki mgawanyiko. Kinaepuka tu kuujua.

Hoja ya sita: kauli ya kiongozi mmoja imewahi kuokoa taifa. Wasomi wa upande ule hupenda kutukumbusha Nairobi, tarehe 14 Oktoba 2002, Raila Odinga aliposimama Uhuru Park akatamka “Kibaki tosha”, na mwezi Desemba Mwai Kibaki akashinda kwa asilimia 62. Mfano huu nimeupenda, kwa sababu unawahukumu wao. Siku hiyohiyo, upande wa pili wa jiji, wajumbe wa chama cha KANU walikuwa Kasarani wakimpitisha Uhuru Kenyatta, aliyekwisha kuchaguliwa na Rais Moi miezi kabla, bila mshindani. Walioutaka urais ndani ya KANU waliona mlango umefungwa, wakatoka. Kenya ilipata siku moja yenye aina mbili za uungaji mkono. Raila aliacha nia yake mwenyewe ili mwingine apite, akalipa gharama. Wajumbe wa Kasarani hawakuacha chochote. Waliafiki alichoamua aliye juu yao. Aina ya kwanza ilishinda, ya pili ikapata asilimia 31. Swali la kumpima anayemuunga mtu mkono ni jepesi: amepoteza nini kwa kusema hivyo? Anayemuunga mkono aliyeshika uteuzi, cheo na fomu hajapoteza kitu. Na miaka mitano baadaye, Septemba 2007, hapo hapo Kasarani, chama cha ODM kilipiga kura kati ya Raila, Musalia Mudavadi na William Ruto. Walioshindwa wakasimama na mshindi baada ya kura. Huo ndio mpangilio unaofaa: watu wapige kura kwanza, kisha wakubwa waungane mikono.

Hoja ya saba: asiyeridhika yuko huru, aseme au ahame. Kuhusu kusema, Dk Godfrey Malisa, kada wa Kilimanjaro, alisema kwamba utaratibu haukufuatwa. Februari 2025 akavuliwa uanachama. Kuhusu kuhama, sisi wa Meatu tuna shahidi wa karibu. Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa tangu 2005, hakurudishwa na Kamati Kuu kugombea ubunge Julai 2025. Akahamia ACT-Wazalendo, na tarehe 6 Agosti Mkutano Mkuu wa chama hicho ukampitisha kugombea urais. Mwezi huohuo Msajili wa Vyama vya Siasa akatengua uteuzi wake, kwa sababu kanuni za ACT-Wazalendo zenyewe kuhusu muda wa uanachama hazikuzingatiwa. Tume ya Uchaguzi ikamzuia kurudisha fomu. Mahakama Kuu Dodoma ikaamua arudishwe, Tume ikampokea, na tarehe 15 Septemba ikamwengua tena kufuatia pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Simtetei Mpina, wala sitetei haraka ya ACT-Wazalendo. Chama kilichompokea mtu leo na kumsimamisha kesho nacho kilitanguliza kauli za viongozi mbele ya wanachama wake. Chadema walifanya jambo la namna hiyohiyo mwaka 2015, walipompokea Lowassa mwishoni mwa Julai na kumpitisha mwanzoni mwa Agosti. Kipimo changu ni kimoja kwa wote. Ninachoomba waamuzi mkitazame ni hiki: Agosti 2025 nchi nzima iliambiwa kwamba kanuni za ndani za chama ni jambo zito kiasi cha kumwondoa mgombea urais kwenye karatasi ya kura. Januari mwaka huohuo tuliambiwa kwamba hatua za ndani za chama kingine zinaweza kurukwa kwa shangwe. Anayesema yote mawili hajatuambia anaamini lipi.

Watetezi wana neno la mwisho, kwamba haya ni mambo ya ndani ya chama na hayamhusu asiye na kadi. Yanamhusu. Katika nchi isiyoruhusu mgombea binafsi, njia pekee ya kufika kwenye karatasi ya kura ni chama. Anayefunga mlango wa chama amepunguza uchaguzi wa mkulima wa Bukundi, awe na kadi au asiwe nayo.

Dawa yake haina ugumu. Mwaka huohuo wa 2025 CCM ilipanua idadi ya wajumbe wa kura za maoni za ubunge na udiwani, na sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri: wapiga kura wakiwa wengi, ni vigumu kuwanunua. Sababu hiyo haina mpaka kwenye ubunge. Kama mwanachama wa tawi anaaminika kumpima anayetaka kumwakilisha Dodoma, anaaminika pia kumpima anayetaka kuongoza nchi. Fomu zitolewe kwa tarehe inayojulikana, hata Rais aliyepo anapoomba. Jina likiwa moja kwa sababu hakuna mwingine aliyeomba, liwe moja baada ya muda wa kuomba kwisha, si kabla haujaanza. Matamko ya viongozi na jumuiya yapigwe marufuku hadi kura zihesabiwe, na anayetaka kumuunga mkono mtu afanye hivyo kwenye chumba cha kura kama wengine.

Sasa amueni. Hoja saba zimeletwa, na kila moja imejibiwa kwa kumbukumbu za chama chenyewe na za majirani zetu. Kama mnaona azimio la 19 Januari lilikuwa sahihi, tuonyesheni ni lini wanachama waliulizwa. Kama hamuwezi kuitaja siku hiyo, basi uamuzi wenu uwe kwamba mwaka 2030 waulizwe.